Kitanda cha nyumba ya kupangisha yenye fanicha: nichukue kipi kisichonirudisha kwa fundi kila mwaka?

nyumba_mbili

Habari za jioni wakuu. Nina nyumba ya vyumba viwili Kijitonyama, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, nataka kuipangisha ikiwa na fanicha kuanzia mwezi ujao. Ninaowalenga ni wafanyakazi wa mkataba wa miezi sita hadi mwaka, na ikikaa wazi katikati hapo niipangishe kwa siku. Sebule na jiko tayari. Kilichobaki ni vitanda.

Chumba kikubwa kina futi 10 kwa 11, kidogo futi 9 kwa 10. Bajeti ya vitanda na magodoro yote ni milioni 2. Nimezunguka nikakuta njia tatu: kitanda cha mbao cha fundi, kitanda cha sofa cha dukani (kile chenye kichwa cha kitambaa na vifungo), na cha chuma. Kwa saizi ya 5 kwa 6 bei nilizotajiwa hazipishani sana, ndiyo maana nashindwa kuamua.

Naomba kujua kipi kinahimili wapangaji wanaobadilika, kama chumba kikubwa niweke 5 kwa 6 au 6 kwa 6, godoro liwe sponji au springi na la inchi ngapi, na nikague nini kabla sijatoa hela. Nitashukuru nikipata vipimo, maana "nunua kitu imara" nimeshaambiwa na kila muuzaji.

Randa ya Keko

Mkuu, kabla ya mbao au chuma, angalia kinavyofungwa. Kitanda cha kupangisha lazima kifunguke chote na kufungwa tena kwa spana moja: mchago, upande wa miguuni, mifumbati miwili (zile mbao ndefu za ubavuni) na mti wa katikati. Ngazi yako ya ghorofa ya pili haitapitisha kitanda kilichogongwa misumari, na siku mfumbati mmoja ukipasuka unataka kubadilisha mfumbati huo tu, kitanda kibaki.

Hapo vitanda vingi vya sofa vinajitoa vyenyewe. Kilaze chini, chana kile kitambaa cheusi cha tumboni uchungulie. Mara nyingi utakuta mbao laini na vipande vya mabaki vilivyoshikwa kwa pini za stepla, na kona inashikiliwa na skrubu mbili. Ngozi ya bandia kwa joto na unyevu wa Dar inabanduka magamba. Kitambaa nacho kinanyonya mafuta ya nywele, linatokea doa la duara pale watu wanapoegemeza kichwa, na halitoki kwa kufuta. Nyumbani kwako utalivumilia, lakini mpangaji wa tatu akifungua mlango wa chumba, macho yake yanatua hapo hapo.

Vitanda vya mbao za unga uliogandishwa, yaani emdiefu na chipubodi, ogopa zaidi. Adui yake ni deki. Kila siku maji yanagusa chini ya mguu, mbao inavimba kama mkate uliolowa, ile karatasi ya juu inafunguka, na skrubu ikishang'oka haishiki tena. Kwenye mbao ya kweli tundu lililolegea unalijaza vijiti na gundi, unafunga skrubu upya, kazi inaendelea. Kwenye chipubodi hakuna cha kujazia.

Kwa hiyo mimi nasema mbao. Mninga au mkongo (watu wa pwani huuita mbambakofi) ndizo bora. Mtiki wa mashamba ya Longuza, Mtibwa au Kilombero unafaa pia, ila miti iliyovunwa michanga ina sehemu nyeupe kubwa. Hilo jeupe ndilo la kukagua. Mninga una kiini cha kahawia inayoelekea wekundu na pembeni una ukanda mweupe. Bungua (mdudu mtoboa mbao) anakula ule mweupe. Fundi asiye mkweli anaupaka rangi ukafanana na kiini, halafu vanishi juu yake, huoni kitu. Baada ya miezi kadhaa unakuta unga laini kama poda sakafuni, na vitundu vya ukubwa wa ncha ya kalamu. Kwa hiyo mpe fundi sharti moja: asipake chochote mpaka uje ukione kikiwa kimepigwa msasa tu. Ukiona mweupe kwenye matendegu (miguu ya kitanda) au mifumbati, vibadilishwe. Ukiona kitundu kimoja chenye unga, usikubali hata kwa punguzo.

Vipimo vya 5 kwa 6 ni hivi. Matendegu inchi 3 kwa 3. Mifumbati inchi 2 kwa 6. Ndani ya kila mfumbati kuna mkanda wa 2 kwa 2 unaobeba chaga. Ushikwe kwa gundi ya mbao pamoja na skrubu za inchi 3 kila baada ya inchi 8. Mkanda uliogongwa kwa misumari mitupu ndio unaoachia usiku na godoro likazama upande mmoja. Kila kona iwe na bolti mbili za milimita 10, moja juu ya nyingine. Ikiwa moja peke yake, mfumbati unazunguka juu yake kama bawaba na kitanda kinayumba. Weka washa pana chini ya kila nati ili isizame kwenye mbao.

Sasa chaga, ambapo mafundi wengi wanabana matumizi. Utauziwa kitanda kizuri cha mninga chenye chaga sita au saba, katikati unapitisha kichwa cha mtoto. Sponji inashuka kwenye hayo mapengo, mwaka haujaisha godoro lina matuta, na lawama inaenda kwa kiwanda cha magodoro. Dai chaga 14 za upana wa inchi 3 na unene wa inchi 1 kamili. Kwa urefu wa futi 6 zitaachiana kama sentimita 6, na hapo ndipo sponji inapokaa sawa. Chaga zinaweza kuwa za paina, hata ya Sao Hill ni sawa kabisa, mradi ni kavu, imenyooka na haina fundo katikati. Usilipie mninga sehemu isiyoonekana.

Chini ya chaga upite mti wa katikati wa 2 kwa 4, umesimama kwa ubavu mwembamba, wenye miguu miwili inayogusa sakafu. Chaga inayovuka futi 5 bila msaada inapinda. Ukiikata nafasi hiyo nusu, kupinda kunapungua hadi karibu moja ya nane. Mti mmoja wa bei ndogo unafanya kazi ambayo kuongeza unene wa kila chaga isingeifanya kwa gharama hiyo hiyo.

Chuma_Kigamboni

Nakubaliana na Randa kwa chumba kikubwa. Chumba kidogo nakushauri chuma, tena vitanda viwili vya 3 kwa 6 badala ya kimoja cha 4 kwa 6. Ukivisogeza pamoja unapata 6 kwa 6 ya wanandoa, ukiviachanisha unapata watu wawili wasiojuana. Cha 4 kwa 6 kinamfaa mtu mmoja tu, na wawili wanabanana.

Chuma kinauzwa kwa macho, ukipake rangi nzuri hakuna anayejua unene. Mifumbati iwe bomba la mraba refu la inchi 2 kwa 1, unene milimita 1.5 au geji 16. Njia ya kujua bila vifaa ni kupima uzito wa bomba zima kabla halijakatwa: urefu wa mita 6 wa unene wa milimita 1.5 una kilo 10 hivi, wa milimita 1 una kilo 7. Ukinyanyua mabomba hayo mawili kwa mpigo utaisikia tofauti mkononi. Matendegu inchi 2 kwa 2.

Angalia kuchomelea. Mshono uzunguke bomba lote. Vidoti viwili vya kushikizia vinapasuka mpangaji akishaanza kukaa kwenye ukingo kila asubuhi akivaa viatu. Na kilichochomelewa kiwe mchago na miguuni tu. Mifumbati ifungwe kwa bolti, kwa sababu ile ile ya ngazi. Panapokutana chuma na chuma weka washa ya raba, vinginevyo kitalia.

Usikubali chaga za chuma zilizochomelewa ndani. Omba engo (chuma cha pembe) ya inchi 1 na nusu ubavuni, juu yake uweke chaga za mbao kama alivyoeleza mwenzangu. Mbao haimwachii godoro alama za kutu.

Kutu: karibu na bahari inaanzia ndani ya bomba. Ziba kila mdomo wa bomba kwa kofia ya plastiki, mshono wote usuguliwe mpaka ung'ae, halafu koti moja la rangi ya msingi ya kuzuia kutu na makoti mawili ya rangi ya juu. Fundi anayepaka rangi juu ya ule moshi mweusi wa kuchomelea, rangi yake itachunika kama ganda la kitunguu.

nyumba_mbili

Asanteni sana, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Mawili yameibuka. Fundi mmoja amenishauri niachane na chaga, aweke plaiwudi nzima, eti godoro litakaa vizuri zaidi. Na bado sijajua 5 kwa 6 au 6 kwa 6, dalali wangu anasema 6 kwa 6 inapandisha kodi.

Randa ya Keko

Plaiwudi inafanya kazi kama utaiandaa. Ikiwa nzima bila matundu, jasho linaloshuka kupitia godoro halina pa kutokea, na kwa hewa ya Dar utainua godoro ukute ukungu mweusi umechora ramani chini yake. Toboa matundu ya inchi 1 kila baada ya inchi 6, uweke juu ya chaga saba badala ya 14, na mti wa katikati ubaki pale pale.

Angalia pia usiuziwe karatasi mbili za plaiwudi. Moja inatosha. Karatasi ni futi 4 kwa 8. Kata kipande cha 4 kwa 6, kinabaki kipande cha 4 kwa 2. Hicho kipasue katikati kwa urefu upate viwili vya 4 kwa 1. Kimoja kitumie kizima, kingine kikate futi 2. Panga: 4 kwa 6 upande mmoja, pembeni yake ukanda wa futi 1 ulioungwa wa 4 na wa 2. Umepata 5 kwa 6 na bado kimebaki kipande cha 1 kwa 2. Maungio yote yaangukie juu ya chaga au mti, yasining'inie hewani. Unene wa milimita 12 unatosha.

Lakini kama unaanza upya, chaga 14 ni rahisi zaidi kutunza. Ikivunjika moja unabadilisha moja.

Kuhusu saizi: chumba cha futi 10 ukiweka 6 kwa 6 pamoja na unene wa mbao za pembeni unabaki na kitu kisichofika futi 2 kila upande, hapo kabati halijafunguliwa mlango. Kwa 5 kwa 6 unapata karibu futi 2 na robo, na meza ndogo ya kando inaingia. Pia 5 kwa 6 ndiyo saizi inayopatikana kila duka, kuanzia godoro, shuka, neti hadi kinga ya godoro. Ukivunjikiwa na kitu Jumamosi jioni na mgeni anaingia Jumapili, hutahangaika. Ila kama unalenga wageni warefu, mwambie fundi urefu uwe futi 6 na nusu na uagize godoro la kipimo hicho. Futi 6 ni sentimita 183, mtu wa sentimita 185 visigino vyake vinagonga mbao za miguuni. Njia ya nafuu ni kutengeneza upande wa miguuni mfupi, usizidi usawa wa godoro, ili miguu ipite juu.

Kimo nacho. Mtu akikaa kwenye ukingo, nyayo ziguse chini na magoti yawe sawa na nyonga: juu ya godoro iwe inchi 20 hadi 22. Kwa godoro la inchi 8, chaga zikae inchi 12 au 13 kutoka sakafuni. Na chini ya mfumbati pabaki angalau inchi 7 ili deki na begi la safari viingie. Vitanda vyenye droo chini viache, reli zake hazidumu kwa watu wanaobadilika, na nyuma ya droo vumbi halifikiwi.

Sponji_na_Springi

Nimeona kitanda kimeelezwa vya kutosha, nije kwenye godoro, maana hapo ndipo mpangaji anapoamua kuongeza mkataba au kuhama.

Kwa nyumba ya kupangisha chagua sponji nzito. Springi nzuri ni tamu kulalia, lakini waya mmoja ukikatika godoro lote limekwisha, haliwezi kukunjwa kupita kwenye ngazi, na likimwagikiwa kitu maji yanashuka kwenye springi na kutu inaanza ndani usikoona. Za bei ya chini ndizo mbaya zaidi: springi zimeungwa pamoja, mmoja akigeuka mwenzake anarushwa.

Unene watu wanautazama sana kuliko uzito wa sponji, na ni kosa. Godoro la inchi 10 la sponji nyepesi litabonyea kabla ya la inchi 8 la sponji nzito. Kinachotakiwa kujulikana ni kilo ngapi za sponji zimo kwenye mita moja ya ujazo. Muuzaji atakwambia "hai densiti" kwa kila godoro lililopo, kwa hiyo pima mwenyewe. Beba mzani wa bafuni, simama peke yako, kisha simama ukiwa umelikumbatia godoro, toa. Godoro la 5 kwa 6 la inchi 8 lina ujazo wa mita za ujazo 0.57. Toa kama kilo 1 na nusu ya kitambaa cha nje, kinachobaki gawa kwa 0.57. Ukipata kilo 17 za sponji, hiyo ni 30 kwa mita ya ujazo, chukua. Ukipata kilo 11, hiyo ni 20 tu, ni ya mgeni wa siku mbili, haifai mtu wa mwaka mzima. Kwa 3 kwa 6 la inchi 8 ujazo ni 0.34, kwa hiyo unatafuta kama kilo 10.

Mzani una mitego miwili. Kuna sponji zilizochanganywa unga wa chokaa ili ziwe nzito. Fungua zipu, sugua kona kwa kidole gumba: ikiacha vumbi jeupe au ikimeguka, iache. Mtego wa pili ni sponji ya mabaki, ile ya rangi rangi iliyosagwa na kugandishwa. Ni nzito sana na ngumu kama mkeka, mzani utaisifia bure. Hiyo inafaa tu ikiwa tabaka la chini lenye sponji nzuri ya inchi 3 au zaidi juu yake. Duka likikukatalia kufungua zipu au kuangalia kwenye mshono, nenda duka jingine.

Jaribio la mwisho ni goti. Piga goti katikati ya godoro kwa uzito wako wote, hesabu hadi 30, inuka. Shimo lifutike hapo hapo. Na goti lisiguse sakafu. Kama linagusa, mtu wa kilo 90 ataguswa na chaga kwenye nyonga usiku kucha. Ndiyo sababu inchi 6 siipendekezi kwa watu wazima. Inchi 8 inatosha. Ukipanda hadi 10, kumbuka shuka zako zote lazima ziwe kubwa zaidi.

Likishafika, vua ile nailoni ya kiwandani. Najua wengi wanaiacha wakidhani wanalitunza. Nailoni inafungia jasho ndani, inapiga kelele kila mtu akigeuka, na inaficha ukungu mpaka harufu itoke. Tunza lebo na risiti, maana waranti bila hivyo ni maneno, na nyingi hazikubali godoro lenye madoa. Ligeuze kichwa kwenda miguuni kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, baadaye kila miezi mitatu. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito pembeni karibu na lebo, ili msafishaji ajue zamu ilifanyika lini.

Shuka_Nyeupe

Niongeze ya usafi, ndugu yangu, kwa sababu kitanda cha wageni wa siku kinaishi au kufa kwa mambo haya.

Kinga ya godoro isiyopitisha maji ni lazima, mbili kwa kila godoro, moja ikiwa inafuliwa. Chagua ya kitambaa cha taulo juu na utando mwembamba chini. Ile ya nailoni tupu inamchemsha mtu kwa joto la Februari na ataitoa mwenyewe usiku wa kwanza. Iwe na lastiki kuzunguka na kina cha inchi 10 kwa godoro lako la 8, la sivyo inachomoka kwenye kona.

Mashuka yawe seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja ipo kabatini. Pima kwa futi kamba kabla ya kununua, maana "shuka la 5 kwa 6" la sokoni lina ukubwa wa kila namna. Kwa godoro la inchi 8, upana usipungue inchi 88 na urefu inchi 100, ndipo linaingia chini ya godoro pande zote. Nyeupe ni bora kwa sababu inavumilia kufuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha, na doa linaonekana mapema.

Maji ya moto yananileta kwa kunguni. Wanaingia na mabegi ya wageni, hawaingii kwa uchafu wako. Wanachotafuta ni ufa: mshono wa godoro, nyuma ya mchago, tundu la skrubu, na zile mikunjo ya vifungo kwenye vitanda vya sofa, ambako huwezi kuwafikia kamwe. Kitanda cha mbao nyororo au chuma kilichozibwa kina sehemu chache za kujificha, na hiyo pekee ni sababu tosha kwangu. Mwambie fundi ajaze kila ufa kwa gundi na unga wa mbao kabla ya vanishi, na vanishi ipite hata upande wa nyuma wa mchago na chini ya matendegu. Kila mgeni akiondoka, msafishaji amulike tochi ya simu kwenye mshono wa godoro na kona nne za chaga. Dalili ni vidoti vyeusi kama vya kalamu ya wino, na magamba membamba ya kahawia. Ukiona, shuka na kinga vifuliwe kwa nyuzi 60 au zaidi, na mpulizaji dawa arudi tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa dawa nyingi haziui mayai, nayo huanguliwa baadaye. Kuacha chumba wazi mwezi mmoja hakusaidii, wanakaa miezi bila kula.

Kitanda kisiguse ukuta, acha angalau inchi 2. Unazuia mchwa, unyevu wa ukuta na rangi kuchubuka kwa wakati mmoja.

Na neti jamani, watu wanaisahau mpaka mgeni anafika. Amua kabla kitanda hakijatengenezwa. Nguzo nne za kufungwa kwenye matendegu ni nzuri kuliko neti ya duara inayoning'inia, kwa sababu ya duara inamgusa mtu begani na mbu anamuuma kwa nje. Ila angalia pangaboi (feni ya dari). Dari ikiwa chini, ncha za nguzo zikae angalau futi 1 na nusu chini ya mapanga, au usogeze kitanda. Kama utatundika kwenye dari ya jipsamu, kulabu ishike mbao ya ndani. Ikishika jipsamu tupu itashuka na kipande cha dari.

nyumba_mbili

Nimepiga hesabu kwa bei nilizotajiwa wiki hii. Kitanda cha mninga 5 kwa 6 chenye chaga 14 na mti wa katikati laki 6 na nusu. Vitanda viwili vya chuma 3 kwa 6 laki 3 na elfu 60. Godoro la 5 kwa 6 inchi 8 laki 3 na elfu 20, na mawili ya 3 kwa 6 laki 3 na elfu 80. Jumla milioni 1 na elfu 710. Zinabaki laki 2 na elfu 90 za kinga, neti na kuanzia mashuka. Fundi anataka nusu kabla. Kuna ninachokosea? Na siku ya kupokea nikague nini cha mwisho?

Randa ya Keko

Mgawanyo uko sawa. Badala ya kumpa nusu ya fedha mkononi, nenda naye mkanunue mbao, ulipe mbao mwenyewe, hiyo ndiyo iwe malipo ya kwanza. Utaziona zikiwa nyeupe au nyekundu, mbichi au kavu. Mbao mbichi ikikauka kitandani inasinyaa kwa upana, ulimi (ncha iliyochongwa kuingia kwenye mbao nyingine) unalegea kwenye tundu lake, na hapo ndipo kelele zinapoanzia. Baki na laki moja mpaka kitanda kifungwe chumbani kwako, si karakanani.

Siku ya kupokea njoo na futi kamba. Ndani ya fremu pawe sentimita 154 kwa 185, ili godoro la 152 kwa 183 liingie bila kusukumwa na shuka lipate pa kuchomekwa. Kisha pima mtambuko, kona hadi kona, kote kuwili. Zote zikaribie 241. Zikipishana zaidi ya sentimita 1, kitanda kimekaa mshazari, na bolti zitakuwa zinavutana kila siku. Fundi alegeze bolti zote, asukume kona ndefu, apime tena, akaze.

Halafu weka chaga bila godoro, kaa kwenye ukingo, sogea hadi katikati, tikisa mchago kwa mkono. Sikiliza sauti inatoka wapi. Ikitoka kwenye chaga, kata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande, bandika juu ya mkanda wa 2 kwa 2 chini ya kila ncha ya chaga. Ikitoka kwenye kona, fungua bolti, sugua mshumaa kwenye nyuso mbili za mbao zinazogusana, funga tena. Miguu ya mti wa katikati iguse sakafu sawasawa. Ikiwa inaelea hata kwa unene wa shilingi, ongeza kipande cha raba chini yake, kwa sababu mguu unaoelea haubebi kitu. Weka soli za raba na kwenye matendegu yote manne, deki isifike kwenye mbao.

Rudi kukaza bolti baada ya mwezi mmoja, na tena kiangazi kikiisha. Bolti za milimita 10 zinachukua spana namba 17. Nunua moja ya ziada, ifunge kwa tepu chini ya mti wa katikati, na uiandike kwenye orodha ya vitu vya chumba anayosaini mpangaji.